Silikanti na Uyoga wa Gogo: Sifa Kapewa Nani?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali la kijiweni. Ukipewa ukurasa mmoja tu uandike habari za kiumbe kimoja cha Tanzania, utachagua kipi? Najua wengi watakimbilia simba wa Serengeti. Wale wenye kusomasoma watasema silikanti, yule samaki wa Tanga na Kilwa ambaye wataalamu walidhani alitoweka tangu enzi za dinosaria. Sidhani kama kuna hata mmoja atakayesema uyoga mdogo unaoota kwenye gogo bovu kule Zombo.

Kwa wasioijua, Zombo ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, upande wa Jimbo la Mikumi. Kutoka hapo hadi kwenye maji ya chumvi ni zaidi ya kilomita 200. Mtu anaweza kuzaliwa Zombo, akaoa, akazaa na akazikwa hapo hapo bila kuiona bahari hata siku moja. Sasa iweje mtu akae chini amlinganishe samaki wa baharini na uyoga wa magogo ya bara? Nawaweka kwenye mizani moja kwa sababu historia zao wawili, zikisomwa pamoja, zinatuonyesha jinsi sifa inavyogawiwa duniani: nani anapewa, nani ananyimwa, na mgawaji ni nani. Na kwa sisi tunaojifunza kuandika, habari hiyo inatuhusu moja kwa moja.

Tuanze na mwenye jina kubwa.

Samaki aliyefufuka

Tarehe 22 Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, meli ya uvuvi iitwayo Nerine ilitia nanga ikiwa na samaki wa ajabu: rangi ya buluu, magamba magumu kama ngao, na mapezi yaliyokaa kama viungo vya mnyama anayetaka kutembea. Urefu wake ulikuwa kama mita moja na nusu, na uzito wake kilo 57 na ushei. Dada mmoja aliyekuwa akitunza makumbusho ya mji ule, Marjorie Courtenay-Latimer, alimwona na kushtuka. Akamchora, akampelekea mchoro huo mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith, wa Chuo Kikuu cha Rhodes.

Lakini joto la Desemba kule kusini si mchezo. Dawa ya kuhifadhia haikutosha, na mtaalamu alikuwa mbali. Hadi Smith anafika, Februari 1939, imebaki ngozi iliyojazwa, na matumbo yote yalikwisha kuoza na kutupwa. Hilo likumbuke, kwani kuoza ndiyo mada yetu. Mwaka huo huo samaki akapewa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae: la kwanza kwa heshima ya yule dada, la pili kwa kuwa alivuliwa karibu na mlango wa mto Chalumna.

Kwa nini kelele zote zile? Kwa sababu visukuku vya jamaa zake, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vinarudi nyuma miaka milioni 400 na zaidi, kisha vinakatika kama miaka milioni 66 iliyopita. Mabuku yalikwisha kumzika. Naye akaibuka.

Smith akataka mwingine, mzima, mwenye matumbo yake. Akachapisha vikaratasi vyenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100, vikasambazwa katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vyake. Vikaratasi vile viliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Ndiyo, msomaji, umesoma vizuri. Pwani ambayo mvuvi wake, kuanzia Lamu hadi Kilwa na kuendelea, anaota kwa Kiswahili, iliulizwa habari za samaki wake kwa lugha tatu za wageni.

Jibu lilipatikana Desemba 1952, kisiwani Anjouan katika Komoro, baada ya miaka 14. Serikali ya Afrika Kusini ikatoa ndege ya jeshi kumfuata samaki. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimfahamu siku nyingi. Walimwita gombessa. Walimpata mara moja moja, na hawakumthamini sana, maana nyama yake ina mafuta mengi na humharishia mlaji. Yaani dunia nzima inalia kwa furaha eti kafufuka, na mvuvi anashangaa: kwani alikufa lini?

Kwetu Tanzania aliandikwa rasmi mwaka 2003, alipovuliwa Songo Mnara, Kilwa. Kuanzia 2004 wakaanza kunaswa Tanga, na katika miaka michache wakafika makumi. Wengi waliingia katika jarife, zile nyavu za macho makubwa za kuvulia papa, baada ya wavuvi kuanza kuzitega kina kirefu zaidi kuliko zamani. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552. Samaki asiyelika akapata hifadhi, jina na picha zake zikazunguka dunia. Hiyo ndiyo sifa, bwana.

Kiumbe cha gogoni

Sasa tupande bara. Masika yakianza kunyesha Kilosa, nenda kwenye gogo lolote lililolala, la mwembe au la mti wa miombo, ulitazame vizuri. Utaona vijani vidogo vyeupe vya kijivujivu, vyenye manyoya kama sufi, vimejipanga kama vipepeo wadogo. Kila kimoja hakizidi sentimita chache. Ukikigeuza chini utaona mikunjo iliyopasuka katikati kwa urefu wake. Jina lake la kisayansi ni Schizophyllum commune, na jina hilo lilikamilishwa na Elias Fries, msomi wa Sweden, mwaka 1815. Maana yake ni kama kusema: jani lililopasuka, la kawaida.

Umeiona tofauti? Samaki kapewa jina la dada wa makumbusho. Uyoga kaambiwa ni wa kawaida, wa mtaani tu. Na kweli, unapatikana karibu kila pembe ya dunia penye mti mfu, isipokuwa kwenye barafu ya Antaktika. Huko Kongo na sehemu kadhaa za Asia watu huula.

Kazi yake ni kuozesha. Nyuzi zake nyembamba hupenya ndani ya mti, zikatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ubao, zikanywa kilichoyeyuka. Kusema ukweli, huyu si fundi mkubwa wa kuvunja ligini, ile gundi inayoufanya mti uwe mgumu. Yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Mti ukianguka tu, au tawi likiunguzwa na jua, amefika. Kisha wanakuja ndugu zake wenye nguvu zaidi kumalizia, hadi gogo linakuwa laini kama mkate, mvua inalibomoa, mchwa wanabeba zao, na kinachobaki ni udongo mweusi. Mahindi ya Zombo yanaota humo. Msituni hakuna Wizara ya Mbolea, msomaji. Kazi hiyo inafanywa na kina huyu, usiku na mchana, bila mshahara wala kikaratasi cha pauni 100.

Na kwa umri? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliolinganisha jeni za kuvu nyingi, ulikadiria kwamba ustadi wa kuivunja ligini ulianza kama miaka milioni 300 iliyopita. Kwa hiyo ukoo wa silikanti umetangulia. Wakikutana, uyoga ndio utakaoamkia shikamoo.

Lakini tazama jinsi walivyoishi. Silikanti anaenda polepole. Utafiti wa 2021 ulionyesha kwamba anaweza kukaribia miaka 100, kwamba huchelewa sana kukomaa, na kwamba mimba yake huchukua kama miaka 5. Ukimuua jike mmoja umeua ukoo. Uyoga wetu una njia yake. Kiangazi kikija, vile vijani hujikunja vikakauka kama vimekufa. Mvua ikirudi hufunguka na kumwaga mbegu zake za vumbi. Vipande vilivyokaushwa na kufungiwa mwaka 1911 katika chupa zisizo na hewa vililoweshwa maji zaidi ya miaka 50 baadaye, vikafunguka na kuendelea na kazi. Ufufuko gani unaushinda huo? Wa silikanti ulikuwa wa vitabuni tu, kwa maana yeye mwenyewe hakuwahi kufa. Wa uyoga ni wa kweli, na unatokea kila masika nyuma ya nyumba ya mtu.

Kuna na jingine. Kiswahili kina utani wake: kuoza ni kuharibika, na kuoza ni kumfungisha mtu ndoa. Uyoga huu unayajua yote mawili. Sisi tuna jinsia mbili na bado tunagombana. Wenyewe una aina za kijinsia zaidi ya 20,000, hivi kwamba ukikutana na mwenzako yeyote njiani, karibu kila mara mnaweza kuoana. Mzee wa kupanga mahari kule angechanganyikiwa.

Hata hivyo lugha yetu haikuutendea haki. Tunasema samaki mmoja akioza wote huoza, na kila tukisema tunanusa uvundo wa tenga la Feri. Methali ni kweli kwa samaki. Kwa gogo mambo ni mengine: gogo moja likioza, mengi huota.

Sifa na sifa

Hapa nataka kukukumbusha neno la wazee wa pwani ambalo vijana wengi hatulijui tena. Sifa, mbali na kuwa jina jema, ni mafuta yatokanayo na ini la papa. Mafundi wa majahazi na mashua waliyapaka kwenye mbao zisipasuke wala zisioze kwa mvua na umande. Sehemu ya chini, ile inayokaa majini, walipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Ukisikia mtu anasema chombo kimepakwa sifa, usidhani kimetungiwa shairi.

Kwa hiyo samaki na kuvu ni wapinzani wa zamani, na uwanja wao ni ubao wa chombo. Ini la papa lilipakwa ili jamaa za uyoga wetu wasile. Bila vita hiyo ya kimya, chombo kisingedumu misimu mingi ya kusi na kaskazi, na biashara ya pwani ingekuwa na hadithi nyingine. Na tazama mzunguko ulivyo: papa alivuliwa kwa jarife, na jarife hilo hilo ndilo lililokuja kumleta silikanti.

Bara nako kuvu ilipigana na wakubwa. Wajerumani walipojenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, walilaza mataruma ya chuma. Mataruma ya mbao katika nchi yenye mchwa na uozo kama hii yalikuwa ni kutupa fedha. Fikiria: dola lililokuwa na mizinga lilibidi lipakie chuma melini kutoka Ulaya kwa sababu ya mchwa, na ya kiumbe kinachoweza kukaa juu ya ukucha wa mtoto. Reli ile ile ikapandisha chumvi na samaki wakavu kwenda bara. Ndivyo bahari ilivyoanza kufika jikoni mwa watu ambao hawajaiona.

Karatasi ya Msowero

Kila aliyesoma historia shuleni anamjua Chifu Mangungo wa Msovero. Msowero ipo Kilosa hii hii, wilaya moja na Zombo. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara akiwa na mikataba yake, akapata alama za machifu kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuilinda kampuni ya Peters katika nchi hizo. Tumemcheka Mangungo darasani vizazi na vizazi, eti aliuza nchi. Wachache tunauliza alisomewa nini siku ile, na kwa lugha ipi.

Simaanishi kwamba Peters na Smith wana dhambi moja. Mmoja alitafuta nchi za watu, mwingine alitafuta samaki na alilipa alichoahidi. Ninachosema ni kwamba nguvu ya karatasi ni ile ile. Kitu kinaanza kuhesabiwa kuwa kipo siku kinapoandikwa na mwenye kalamu, kwa lugha ya mwenye kalamu. Silikanti alikuwepo Komoro akiwa na jina lake, lakini miaka 14 alitafutwa kama aliyepotea. Uyoga upo Zombo, na Wasagara, Wavidunda na Wakaguru wa Kilosa wameishi na misitu hiyo kwa vizazi, wakijua upi unaliwa, upi unaua, upi unatoka kwenye kichuguu na upi kwenye gogo. Kamusi zetu za Kiswahili zinatupa maneno machache tu ya kuokotea wote hao, kama uyoga, kuvu na ukungu.

Wapo waliojaribu kurekebisha. Mwaka 2003, mwaka ule ule wa silikanti wa Songo Mnara, kilitoka kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania, kazi ya Wafini wawili, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walikwenda porini na wenyeji, wakauliza majina, wakaandika. Silikanti wa mwaka ule aliingia magazetini. Je, uliwahi kusikia habari za kitabu kile kijiweni kwenu? Chema chajiuza, wanasema wahenga. Si kila mara, wazee wangu. Kingine kinabaki rafuni kikisubiri mnunuzi.

Gunia la mkaa

Utasema, sawa, lakini mimi ni kijana wa mjini, nakaa Manzese au Temeke, gogo la Zombo linanihusu nini? Linakuhusu kila jioni. Samaki anayekaangwa pale kona, aliyetoka Feri asubuhi, anakaangwa kwa moto. Kwa miaka mingi moto wa Dar es Salaam umekuwa ni mkaa, na Kilosa ni mojawapo ya wilaya zinazoupeleka. Hapo ndipo bahari na gogo vinapokutana, kwenye karai, na wewe umesimama na sahani.

Mti uliochomwa mkaa hauozi. Hauchukui miaka mingi kurudi ardhini. Unaondoka katika gunia juu ya lori, na majivu yake yanamwagwa kwenye mtaro wa mjini. Uyoga haupati gogo, udongo haupati mbolea, na mahindi ya mwaka ule wa mbele yanakumbuka. Silaumu mchoma mkaa, maana ada ya shule hailipwi kwa uyoga. Tangu 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa vimejaribu njia nyingine: msitu unagawanywa vipande, unakatwa kwa zamu, visiki vinaachwa vichipue, na ushuru unabaki kijijini. Mwaka 2024 serikali nayo ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaokwenda hadi 2034. Silikanti alilindwa kwa sababu alikuwa maarufu kwanza. Uyoga hauwezi kungoja umaarufu. Ukipona, utakuwa umepona kwa sababu mtu aliacha gogo lilale.

Na majina je? Uyoga wenyewe ni mgumu, utakuwepo hata tukikata kila kitu, utaota kwenye nguzo ya ua. Kinachokwenda haraka ni ujuzi wa kuutambua na kuutaja kwa lugha za Kilosa. Vijana wanahamia mjini, bibi wanabaki, kisha bibi wanaondoka. Mjini tunanunua uyoga wa mamama uliolimwa kwenye mifuko, nao pia ni mlaji wa miti, na tunadhani huo ndio uyoga wote uliopo.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, wengi wetu tunatunga bahari ambayo tumeiona kwenye kadi za posta. Dau, mwezi, mnazi, basi. Silikanti ameshaandikwa na waliomkuta na hata waliomkosa. Hana shida na sisi. Kama una likizo na nauli ya basi la Kilosa au Mikumi, chukua daftari la kurasa 48 uende masika. Mtafute anayechuma uyoga, muamkie, mfuate porini kwa adabu, usile chochote ambacho yeye hali. Ukiufika ule wa gogo, muulize unaitwaje. Atakujibu. Liandike jina kama alivyolitamka, na jina la aliyekutajia liandike pembeni yake, kwa herufi za ukubwa ule ule.